Naingia, Nimetoka

Kwa miaka mitatu mdogo wangu wa mwisho alinitumia neno moja kwenye simu kila alipotaka kuingia baharini: Naingia. Akishapanda tena kwenye boti alinitumia lingine: Nimetoka. Kati ya maneno hayo mawili mimi nilikuwa Mikumi, kwenye banda langu la chakula kando ya barabara kuu, nachambua mchele au nachochea maharage. Bahari sijawahi kuiona kwa macho yangu.

Mimi ndiye niliyemtaka afanye hivyo, siku aliponieleza kwamba kazi yake ya kule Mafia imebadilika. Alienda kama kibarua wa boti za watalii, sasa walitaka kumfundisha kuzamia na kupiga picha wanyama wa baharini. Nilimwambia sawa, ila nataka kujua saa uliyo chini na saa uliyo juu.

Alicheka. "Dada, ukijua niko chini utanisaidia nini?"

Nilimwambia atume hivyo hivyo. Hakuna siku aliyosahau kutuma.

Tumezaliwa watatu, Kilosa mjini, nyumba ya tofali mbichi si mbali na mto Mkondoa. Baba alifariki kwanza, mama akafuata kabla mwaka haujaisha. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Anayenifuata, msichana, alikuwa darasa la nne, na huyu wa mwisho alikuwa na miaka mitano, hajaanza shule. Yeye alipewa jina la babu yetu mzaa baba, ndiyo maana mpaka leo namwita baba, ingawa nilimwogesha mimi.

Matanga yalipokwisha alishuka mjomba kutoka milimani. Kwa upande wa mama yetu, mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto. Alikaa kwenye kiti cha baba, akanywa chai, akatugawa. Msichana angekwenda kwake. Mtoto wa kiume angekwenda kwa mama mdogo, Msowero. Mimi ningebaki kutafutiwa mchumba.

Nilipiga magoti nikamwambia, "Shikamoo mjomba. Naomba tubaki hapa wote watatu. Shule nitaacha. Nitalima."

Hakukasirika. Alimalizia chai yake, kisha akaweka sharti lake. "Nitakuachia. Lakini nikisikia mmoja wao ameugua na wewe umenyamaza, nakuja kuwachukua wote."

Nilisema ndiyo mjomba. Niliacha shule wiki hiyo hiyo.

Masika yaliyofuata mto ulipanda ukaingia hadi uani kwetu. Maji yalipopungua yaliacha madimbwi ya kahawia, na watoto wa mtaa mzima wakawa wanashinda humo. Mdogo wangu naye. Baada ya siku chache akaanza kulishika sikio la kushoto, halafu akawa analia kwa maumivu, halafu likatoa usaha.

Nilimpeleka zahanati mara moja. Wakatupa dawa ya matone na wakasema turudi baada ya wiki mbili. Sikumrudisha. Nesi wa pale alikuwa anasali kanisa moja na mke wa mjomba, na mara ya kwanza alikuwa ameshaniuliza, "Mjomba wenu anajua huyu mtoto anaumwa?" Nilitoka pale nimemshika mdogo wangu mkono, nikijua kwamba nikirudi, habari itafika milimani kabla yangu.

Nikamtibu mwenyewe. Niliyeyusha mafuta ya nazi na kitunguu saumu kwenye kijiko, nikajaribu joto lake kwenye kiwiko changu, nikamdondoshea. Nikaziba kwa pamba. Jirani mmoja bibi ndiye aliyenielekeza hivyo. Usaha ulikauka, ukarudi, ukakauka tena. Ilichukua karibu mwaka mzima. Mjomba alipokuja kutukagua nilimvalisha mtoto kofia ya sufu iliyoshuka hadi masikioni, na joto la Kilosa mnalijua.

"Mbona huyu kavaa kofia juani?" mjomba aliuliza.

"Anaipenda, mjomba. Hata kulala analala nayo."

Mjomba akacheka, akamvuta shavu. "Huyu atakuwa askari wa baridi."

Mdogo wangu hakusema kitu. Kwetu ndivyo tulivyokuwa. Shuleni, hospitalini, mbele ya ndugu, wadogo zangu walikaa kimya na mimi nikasema. Daktari akiuliza, unaumwa wapi, mtoto ananitazama mimi, na mimi ndiye najibu anaumwa wapi. Sikuwafundisha kwa fimbo. Walijionea tu kwamba neno langu ndilo lililotuweka nyumba moja, nao hawakutaka kuliharibu.

Miaka ikaenda. Msichana aliolewa Msowero, huko huko alikotakiwa kupelekwa mwenzake. Huyu wa mwisho alimaliza kidato cha nne, akaenda kukata miwa Ruhembe, na huko kwenye mifereji ya kumwagilia ndiko alikojifunza kuogelea, kwa siri, maana mimi nilikuwa nimeyapiga marufuku maji ya kila aina. Nilipohamia Mikumi kufungua banda, yeye alikuwa ameshapata rafiki wa kumvuta Mafia.

Karatasi ya mafunzo ilikuja miezi michache baada ya yeye kufika kule. Ilikuwa asubuhi, nina chapati kwenye kikaango na wateja wawili benchini, akapiga simu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba baba. Umeamkaje?"

"Salama. Dada, nina fomu hapa ya mafunzo ya kuzamia. Wanauliza mambo ya afya. Kifua, moyo, kifafa. Hivyo nimejaza. Wanauliza pia kama niliwahi kuugua masikio. Hata utotoni."

Nikaigeuza chapati. "Wanauliza ili iweje?"

"Aliyewahi kuugua masikio hashuki na mtungi wa hewa mpaka apimwe na daktari bingwa. Wengine wanakataliwa kabisa. Wanabaki juu kwenye boti."

Niliwaza mambo mengi kwa muda ule mfupi. Niliwaza kwamba mimi nilibaki juu maisha yangu yote. Niliwaza sauti yake wiki iliyopita alipokuwa akinisimulia kuhusu papa potwe, samaki mkubwa kuliko basi dogo, mwenye madoa meupe mgongoni, anayepita karibu yako taratibu kama mtu anayetoka kanisani. Hakuwahi kuongea namna ile kuhusu kitu chochote. Na niliwaza kwamba sikio lilipona. Miaka ishirini hakulalamika.

"Andika hapana," nikasema.

"Hapana?"

"Andika hapana, baba. Ulikuwa mzima."

"Sawa, dada."

Hakuniuliza tena. Chapati ile iliungua upande mmoja, nikaila mwenyewe.

Baada ya hapo zikaanza kuja picha. Kituo cha wazamiaji alikofanyia kazi kilimpa kamera iliyofungwa ndani ya boksi gumu la plastiki lisilopitisha maji, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga ubavu wa kushoto wa kila papa potwe, pale nyuma ya matamvua anayopumulia. Madoa ya pale hayafanani kwa samaki wawili, alinieleza. Ukiwa na picha safi unaweza kujua kama huyu ni yule wa mwaka jana. Aliponitumia ya kumi nikamwambia huyu si mgeni, ni yule wa pili, ana madoa matatu yaliyokaa kama mafiga na moja limejitenga. Alikwenda kuangalia kwenye kumbukumbu zao. Nilikuwa sahihi. Kuanzia hapo alinitumia zote, na mimi wateja wakipungua nilikaa na simu nikilinganisha madoa. Shule niliyoacha sikuwahi kuililia, lakini saa zile nilijua ningeipenda.

Kwa papa potwe alishuka kwa pumzi yake tu, dakika moja akarudi juu. Kwa kasa, na kwa samaki kama chewa na mikunga wanaokaa kwenye matumbawe, ndiko alikokwenda na mtungi, chini sana, saa nzima kasoro. Hizo ndizo asubuhi za Naingia na Nimetoka.

Wateja wangu walizizoea picha zile. Kulikuwa na dereva mmoja wa malori ya Tunduma, mtu mzima mwenye tumbo, anayependa supu ya makongoro na maneno mengi.

"Mama, mdogo wako anafanya kazi gani?"

"Anazamia. Yuko Mafia."

"Anazamia halafu kaishia Mafia? Wenzake wanaozamia meli wanafika Sauzi." Benchi zima likacheka. Nikampa simu aone. Akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. "Huyu akipiga miayo, mdogo wako anaingia na viatu vyake."

"Havai viatu. Anavaa mapezi."

"Basi ataingia na mapezi."

"Hali watu. Anakunywa vijidudu tu vya majini."

"Nani kakwambia?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani, samaki?"

Jirani yangu anayechoma mahindi akaingilia kutoka kwenye jiko lake. "Hapa Mikumi wazungu wanapiga picha tembo wakiwa wamejifungia garini, na askari wa bunduki mbele. Huyo wako, shoga, kashuka kabisa kwenye gari."

Nilicheka nao. Kisha simu ikatetemeka mkononi mwa dereva, akanisomea kwa sauti, "Nimetoka." Akanirudishia bila utani. Nadhani aliona uso wangu.

Siku ninayotaka kuieleza ilianza kama nyingine. Naingia ilikuja saa tatu na robo. Nilibandika maharage, nikakata vitunguu, nikahudumia basi la Iringa. Saa nne na nusu nikaangalia simu. Saa tano nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena. Nikagundua kwamba kwa miaka yote ile sikuwa na namba ya mtu mwingine yeyote kule, wala ya kituo, wala ya boti. Nilikuwa na ya kwake tu.

"Mtandao huo, mama," dereva alisema. "Visiwani mtandao unakatika."

"Ndiyo," nikasema, nikampa ndimu.

Kutoka Mikumi ningepanda basi hadi Dar es Salaam, kisha gari hadi Nyamisati, kisha kivuko. Ningefika kesho jioni kama bahati ingekuwa yangu. Na nikifika ningefanya nini? Ningesimama ufukweni nimeshika mkoba, mtu asiyejua hata kuogelea kisimani. Kwa hiyo nilibaki. Nilipakua wali, nikaosha sahani, nikarudisha chenji. Jirani yangu aliacha mahindi yake akaja kukaa karibu na mimi bila kuniuliza kitu. Muda wote huo nilikuwa naiona ile kofia ya sufu. Si mdogo wangu, kofia tu, ikiwa imelowa.

Saa tisa kasoro simu ikaita, namba ngeni.

"Shikamoo mama. Mimi ni nahodha wa boti anayofanyia kazi kijana wako. Yuko hai."

Niliketi chini, kwenye vumbi. Mtu hakuambii kwamba ndugu yako yuko hai ila kama ilibaki kidogo asiwe hai.

Mwenyewe alinisimulia baada ya siku mbili, taratibu, akipumzika kati ya maneno. Alikuwa amemfuata chewa mkubwa kwenye ukuta wa matumbawe, akashuka zaidi kidogo ili ampate usoni. Sikio la kushoto likauma kama limechomwa msumari, halafu maumivu yakaisha ghafla na baridi ikaingia kichwani. Bahari ikaanza kuzunguka. Hakujua juu ni wapi na chini ni wapi. Alishika jiwe kwa mikono miwili akatapika ndani ya kile kipumulio cha mdomoni, na alikumbuka waliyofundishwa, kwamba mapovu hupanda juu siku zote, lakini hata mapovu aliyaona yanakwenda pembeni. Mwenzake ndiye aliyemshika mkanda akampandisha polepole. Kamera ilikuwa inaning'inia mkononi, ikaendelea kupiga. Alinitumia baadaye hizo picha za mwisho. Ya kwanza ni chewa amekaa upande. Ya pili ni mchanga. Ya tatu ni mwanga tu, na nimeigeuza simu kila namna, sijui mpaka leo ishikwe vipi.

Kituo kilimpeleka Dar es Salaam kwa daktari wa masikio. Alinipigia akiwa koridoni kule hospitalini.

"Dada, ngoma ya sikio imepasuka. Daktari anasema kuna kovu la zamani pale pale, la utotoni. Ngozi ya kovu ni dhaifu, ndiyo iliyoachia. Anauliza lilikuwa la nini. Nimemwambia namuuliza dada."

Jiko lilikuwa linawaka mbele yangu. Safari hii hapakuwa na mjomba wa kuogopa. Mjomba amefariki, na hakuna tena wa kuja kumchukua mtu.

"Ulikuwa na miaka sita," nikasema. "Mwaka wa yale mafuriko. Lilitoka usaha karibu mwaka mzima. Sikukurudisha zahanati. Nilikuwekea mafuta na pamba."

Nilisogeza sufuria pembeni ya moto.

"Umenisikia?"

"Naikumbuka pamba," alisema. "Na kofia. Ilikuwa inawasha."

Nilidhani sikumwelewa. "Unakumbuka?"

"Nakumbuka yote, dada. Mpaka kile kijiko."

"Sasa mbona siku ile uliniuliza mimi? Ungeandika tu ndiyo."

Nikasikia watu wakipita koridoni, mtu akiita namba. "Ningeandikaje mwenyewe?" alisema mwishoni. "Mambo ya kuugua kwangu huwa unayasema wewe. Uliposema hapana, nikasema dada amefikiri, amejua. Nikaandika."

Nami nilisema hapana kwa sababu nilidhani yeye hakumbuki. Kila mmoja alikuwa na ukweli mkononi, akamwachia mwenzake kwa heshima. Sijui nimweleze nani jambo hili akalielewa. Jirani yangu nilipomwambia alisema, "Basi wote wawili hamna kosa," akimaanisha kunituliza. Haikunituliza.

Daktari aliliziba sikio kwa upasuaji, na akaandika kwamba asizamie tena, si kwa mtungi, si kwa pumzi. Mdogo wangu akaja Mikumi kupumzika. Siku za kwanza alitembea akishika ukuta. Benchini nilikuwa namsemesha naye anaendelea kula, mpaka nikajifunza kukaa kulia kwake. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu. Asubuhi aliosha sufuria, mchana alikaa na simu akiangalia madoa ya papa potwe, na wateja wakimtania alitabasamu kwa kuchelewa kidogo, kama mtu anayetafsiri.

Siku moja yule dereva alimuuliza, "Kijana, ungerudi?"

"Kesho," alijibu.

Nilikuwa nakuna nazi. Nikaendelea kukuna.

"Na hilo sikio?"

"Sikio halitaki, mzee. Mimi nataka."

Baadaye nilimwambia kwamba kama anataka kunisema aniseme tu, nitasikiliza. Alikausha mikono kwa kanga yangu kama alivyokuwa akifanya utotoni. "Dada, miaka mitatu nimewaona wale," alisema. "Ungesema ndiyo nisingewaona." Hakusema asante, na hakusema umenidhuru. Alisema hilo tu, akaenda kulala, na mimi nikabaki sijui niliweke wapi.

Mwezi uliopita kituo kilimwita. Walimpa kazi ya kukaa juu kwenye boti: kuandaa kamera, kuwahesabu wazamiaji, kuangalia mapovu yao wakiwa chini, kisha kupanga picha walizopiga wengine. Ndiyo ile kazi niliyoambiwa siku ya fomu, ya wanaobaki juu. Nilimsindikiza hadi kituo cha mabasi. Nikampa kofia ya kawaida ya jua, akaivaa, akaivuta kidogo masikioni, akanitazama. Hakuna aliyecheka.

Siku mbili zilipita kimya. Siku ya tatu, saa tatu asubuhi, nimebandika maharage, simu ikatetemeka mezani. Nilifuta mikono nikaifungua.

Wameingia.

Nilikaa nayo nikiitazama. Yuko juu ya boti, salama, jua linamwakia kichwani, anatazama mapovu ya wenzake. Ndilo jambo nililoliomba kila asubuhi kwa miaka mitatu. Niliiweka simu kando ya sufuria, nikachochea, nikangoja watoke.